Shajara ya mradi: ukoo wa Indra Lal Roy, rubani aliyekufa akiwa na miaka 19

Januari, juma la pili

Ukuta tumeupata. Ni ule mrefu wa ukumbi tunaofundishia darasa la Kiswahili siku za Jumamosi, huku magharibi mwa London, na tumeruhusiwa kuutumia mpaka siku ya kumbukumbu ya vita, Novemba. Tutatundika mti wa ukoo wa kijana mmoja aliyekufa katika Vita ya Kwanza ya Dunia, maelezo yote kwa Kiswahili, watoto wenyewe wakiandika.

Kulikuwa na mjadala kidogo kuhusu nani awe huyo kijana. Baadhi ya wazazi walitaka askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki), na hoja yao ina uzito. Lakini watoto wetu ni mchanganyiko: wako ambao wazazi wao ni wa Tanga na Mombasa, wako wa Kampala, na wako Waasia wa Afrika Mashariki ambao bibi zao bado wanatukana kwa Kiswahili safi. Tukatafuta mtu aliyewahi kutembea kwenye barabara hizihizi wanazopita wao. Indra Lal Roy alisoma St Paul's, shule ambayo zamani ilikuwa Hammersmith Road kabla ya kuhamia Barnes mwaka 1968. Nyumba ya mwalimu mkuu wa enzi hizo bado imesimama pale barabarani, mabasi yanaipita kila dakika.

Ya msingi, kwa atakayesoma daftari hili bila kumjua: alizaliwa Calcutta (leo Kolkata) tarehe 2 Desemba 1898. Baba yake, Peary Lal Roy, alikuwa wakili na mkurugenzi wa mashtaka wa jiji hilo. Mama yake ni Lolita Roy. Asili ya ukoo ni Lakutia, wilaya ya Barisal, ambako walikuwa wamiliki wa ardhi wakubwa. Leo ni Bangladesh. Nyumbani waliomzoea Indra walimwita Laddie. Aliuawa angani juu ya Carvin, kaskazini mwa Ufaransa, tarehe 22 Julai 1918.

Mama mmoja wa Kimombasa aliyesoma rasimu yangu ya kwanza alinishika mkono: "Mwanangu, usiniandikie Mhindi ukaishia hapo. Wahindi wapi? Andika Mbengali." Nimeandika Mbengali.

Januari, mwishoni

Wiki hii nimeipa nyaraka za kijeshi, maana ndizo rahisi. Nasema rahisi kwa sababu Roy alikuwa afisa, na afisa wa jeshi la Waingereza aliacha karatasi kila alipokanyaga.

Kwa yeyote anayetaka kumfuatilia rubani wa wakati ule, njia ni hii. Kwanza kabisa jua kwamba jeshi lilibadilika jina katikati ya vita. Mpaka Machi 1918 marubani wa jeshi la nchi kavu walikuwa chini ya Royal Flying Corps, na wa jeshi la majini walikuwa na kikosi chao. Tarehe 1 Aprili 1918 vikaunganishwa kuwa Royal Air Force. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa na kumbukumbu zake kwenye makabrasha ya jeshi la nchi kavu na pia kwenye yale ya jeshi la anga, na ukitafuta upande mmoja tu utadhani maisha yake yameanza au kuishia ghafla. Hifadhi ya taifa kule Kew ina mfululizo wa AIR 76 kwa maafisa wa jeshi la anga. Jumba la makumbusho la jeshi la anga limeweka mtandaoni fomu za maafisa waliojeruhiwa, kuugua au kufa. Gazeti la serikali, London Gazette, linatafutika lote kwa jina na tarehe. Mwisho kuna rejista ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola: jina, cheo, kikosi, siku ya kifo, makaburi, namba ya kaburi.

Nilipokuwa napakua haya nilimkumbuka ndugu wa bibi yangu upande wa Handeni, aliyechukuliwa upagazi katika vita hiyohiyo na hakurudi. Yeye hana fomu. Mwaka 2021 tume yenyewe ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, waliofia utumishi wa dola ya Uingereza katika vita ile hawakuandikwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa, na wengi kati yao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Naliweka hapa ili wale wazazi wa KAR wajue sikuwasahau. Karatasi zilifuata cheo, na hilo litaandikwa ukutani kwa herufi kubwa.

Februari

Macho na pikipiki. Hiki ndicho watoto wanachokipenda kuliko vyote, na sishangai.

Alipoomba kuingia Royal Flying Corps alipimwa macho akakataliwa. Kinachosimuliwa ni kwamba aliuza pikipiki yake apate fedha za kumwona daktari bingwa wa macho, mmoja wa waliosifika Uingereza, na daktari yule akayapitisha macho yake. Alipata cheo cha luteni wa pili tarehe 5 Julai 1917, akiwa na miaka 18. Kabla ya hapo alikuwa ameshinda nafasi ya ufadhili ya kusoma Oxford, chuo cha Balliol. Yaani mlango wa Oxford ulikuwa wazi, yeye akauza pikipiki ili apate kuingia mlango mwingine. Mtoto mmoja wa darasa la juu aliniuliza, "Mwalimu, hakuwa na mtu wa kumkataza?" Swali zuri. Baba alikuwa na kazi yake Calcutta. Mama ndiye aliyekuwa hapa London na watoto.

Hapa pana jambo la sheria ambalo vitabu vingi hulipita haraka. Mwanajeshi Mhindi wakati ule, hata awe hodari vipi, hakupewa uafisa kamili wa mfalme katika jeshi la nchi kavu. Mlango ule ulianza kufunguliwa Agosti 1917, baada ya tangazo la serikali kuhusu mwelekeo wa utawala wa India, na waliopewa mara ya kwanza walikuwa wachache wa kuhesabika. Royal Flying Corps ilikuwa imetangulia kidogo kwa sababu marubani walikuwa wanakwisha haraka kuliko walivyofundishwa. Hardit Singh Malik, aliyekuwa amesoma Balliol, alikuwa tayari kurusha ndege upande wa Wafaransa, na mwalimu wake wa chuo ndiye aliyemwandikia Jenerali David Henderson, mkuu wa Royal Flying Corps, kuuliza iweje Mwingereza amkatae mtu ambaye Mfaransa anamtaka. Malik akachukuliwa. Wahindi waliopata kuwa marubani wa kikosi kile walikuwa wanne: Malik, Roy, Shri Krishna Welingkar na Errol Suvo Chunder Sen. Malik alirudi nyumbani na baadaye akawa balozi. Sen alitekwa na Wajerumani akanusurika. Welingkar na Roy walikufa katika kiangazi kimoja, 1918, hawakupishana mwezi.

Kingine kilichonisumbua mwezi huu ni habari ya mochwari. Oktoba 1917 Roy alipelekwa Kikosi cha 56 kule Ufaransa. Tarehe 6 Desemba ndege yake, SE5a, ilianguka naye. Inasimuliwa kwamba alidhaniwa amekufa, akalazwa na maiti, akazinduka usiku na kugonga mlango akipiga kelele kwa Kifaransa cha shuleni mpaka mlinzi akataka kukimbia. Naipenda sana hadithi hii. Lakini kwenye ukuta kila kitu kina rangi yake: buluu kwa kilicho kwenye karatasi ya wakati ule, machungwa kwa masimulizi. Ajali ni buluu. Mochwari ni machungwa. Watoto wamelalamika, nikawaambia hata babu zetu walitanguliza "hadithi, hadithi" ili msikilizaji ajue anaingia wapi.

Baada ya ajali alirudishwa Uingereza akapona polepole, madaktari wakamzuia kuruka. Muda huo alichora ndege, michoro mingi ya penseli na wino, na sehemu yake ipo mpaka leo. Nataka angalau mmoja ukutani. Nimeandika barua ya kuomba ruhusa.

Machi

Siku 13.

Roy alirudi Ufaransa Juni 1918, safari hii Kikosi cha 40, kwenye kundi la Kapteni George McElroy, Mwairishi. Kuanzia tarehe 6 Julai hadi 19 Julai alihesabiwa ushindi wa ndege 10. Tarehe 8 peke yake ni tatu, ndani ya saa chache. Siku tatu baada ya ule wa mwisho akafa.

Tatizo la mwezi huu ni hesabu. Vitabu vya marubani vinasema 10. Maelezo ya nishani yake, Distinguished Flying Cross, yaliyotoka kwenye gazeti la serikali tarehe 21 Septemba 1918, yanasema ndege tisa kwa siku 13. Wasaidizi wangu wawili walitaka tuchague moja tuendelee. Nimekataa, maana zote mbili ni kumbukumbu na kila moja inahesabu kwa namna yake: katika zile 10 zimo mbili alizoshirikiana na marubani wenzake. Isitoshe, "ushindi" kwa taratibu za Waingereza haukuwa na maana ya ndege iliyoonekana ikivunjika tu. Hata iliyoonekana ikiporomoka bila kudhibitiwa ilihesabiwa. Ukutani tutaweka zote mbili na sababu yake mistari miwili chini. Mtoto wa miaka kumi anaelewa mambo haya vizuri tu, hasa akishacheza mpira na kubishana goli ni la nani.

Nishani ilitangazwa miezi miwili baada ya kifo. Roy ndiye Mhindi wa kwanza kuipata, na hakujua.

Mtoto mmoja akauliza kwa nini hakuruka na mwavuli. Nilidhani ni swali jepesi nikaenda kulitafutia jibu, jibu likanikaa tumboni siku nzima. Marubani wa ndege wa Uingereza hawakupewa miavuli mpaka vita vikaisha. Waliokuwa nayo ni wale waliopandishwa kwenye maputo kuchungulia mizinga ya adui. Wajerumani walianza kuwagawia marubani wao mwaka uleule wa 1918. Kwa hiyo tarehe 22 Julai, alipokutana na ndege za Kijerumani aina ya Fokker D.VII za kikosi cha Jasta 29, waliokuwa upande wa pili wa mapambano huenda walikuwa na njia ya kushuka. Yeye alikuwa na bunduki mbili za rasharasha, moja ikipiga katikati ya mapangaboi na nyingine juu ya bawa, na mkanda wa kiti.

Carvin wakati ule ilikuwa nyuma ya mstari wa Wajerumani. Wenzake waliona ndege ikiungua ikianguka, lakini hawakuweza kuifikia. Siku nne baadaye akauawa Edward Mannock, rubani aliyejitengenezea jina katika Kikosi hichohicho cha 40 kabla ya kupewa kikosi chake mwenyewe. Tarehe 31 Julai akafuata McElroy, kiongozi wa Roy. Yote haya ndani ya siku kumi.

Nimeiweka sehemu hii fupi ukutani kwa makusudi. Ni siku 13 katika maisha ya miaka 19, na kila anayeandika juu yake huzipa kurasa zote.

Aprili

Mwezi huu nimempa mama, na sasa naona mradi wote ulipaswa kuanzia kwake.

Ukimtafuta Lolita Roy kwa jina lake katika magazeti ya London ya kabla ya vita, utaambulia kidogo. Alikuwa akiandikwa kwa jina la mumewe: Mrs P. L. Roy. Ukishajua hilo, anafunguka. Alizaliwa Calcutta mwaka 1865, akaolewa na Peary Lal Roy, wakapata watoto sita: Leilavati, Miravati, Paresh Lal, Hiravati, Indra Lal na Lolit Kumar. Kufikia 1900 alikuwa anaishi magharibi mwa London na watoto wake wakisoma. Aliongoza chama cha Wahindi wa London, akawa mlezi wa wanafunzi wa Kihindi waliokuwa wanatua mjini hawajui pa kushika. Sisi tunaoishi ughaibuni tunawajua akina mama wa namna hii. Kila mji unao mmoja, na hakuna msiba wala harusi inayokwenda bila yeye.

Tarehe 17 Juni 1911, siku chache kabla ya Mfalme George V kutawazwa, wanawake waliodai haki ya kupiga kura waliandamana London, maelfu kwa maelfu. Ndani ya msafara ule kulikuwa na kundi dogo la wanawake wa Kihindi waliovaa sari, na bango lao likiwa na tembo. Lolita Roy ni mmoja wa waliolikusanya kundi lile, na yumo kwenye picha. Indra alikuwa na miaka 12.

Nimeitazama picha ile mara nyingi kuliko nilivyotarajia. Wanahistoria wengine wanauliza, na wana haki, kama wanawake wale waliwekwa pale ili dola ionekane pana na yenye rangi nyingi. Waandalizi walikuwa na nia zao, sawa. Lakini Lolita alikuja na nia zake pia, na aliendelea nazo baada ya wapiga ngoma kwenda nyumbani. Wakati wa vita alichangisha fedha kwa ajili ya wanajeshi wa India. Baada ya vita aliendelea kutetea kura kwa wanawake wa kwao.

Tazama tarehe zinavyokaa. Februari 1918 bunge la Uingereza liliwapa kura wanawake wenye miaka 30 na zaidi waliotimiza sharti la mali. Julai mwaka huohuo mwanawe akafa akiwa amevaa sare ya mfalme. Kule Bengal, kwao, baraza lilikataa kura ya wanawake mwaka 1921, likaikubali 1925. Mama huyu aliitolea dola hii mtoto, na bado dola ikawa inajadili kama wanawake wa kwao wana akili ya kutosha kuchagua diwani. Hilo sikulikuta limeandikwa popote kwa namna hii. Nimeziweka tarehe zake kwenye mstari mmoja tu.

Nimebadilisha mpango wa ukuta. Katikati atakaa Lolita, na matawi yatoke kwake. Mmoja wa wazazi ameniuliza, "Kwani mwenye vita si kijana?" Nimemjibu kwamba mti wa ukoo hauwezi kuota juu ya mtoto aliyekufa bila kuoa. Ukimweka Indra katikati, mti unakatika palepale.

Mei

Ndugu. Nimetumia muda mwingi kwa Paresh Lal, kaka yake mkubwa, kwa sababu yeye ndiye jibu la "na wengine wakawaje?"

Alizaliwa 1893, akasoma St Paul's vilevile, akaenda Cambridge na huko akakipigania chuo kwenye ndondi. Vita ilipoanza aliingia Honourable Artillery Company na akapigana Ufaransa. Alirudi India mwaka 1919, akafanya kazi shirika la reli la Bengal Nagpur, na jioni akawafundisha vijana wa Calcutta ngumi. Leo anaitwa baba wa ndondi za India. Yaani ndugu wawili, nyumba moja, shule moja, vita moja. Mmoja ana siku 13 zinazojulikana, mwingine aliishi akafundisha kizazi kizima kurusha konde kwa utaratibu. Tawi lake litakuwa refu ukutani na hilo si upendeleo, ni urefu wake.

Kuhusu dada zake nitakuwa mkali kidogo. Katika makala nyingi za kumsifu rubani hawatajwi hata kwa majina, wanaandikwa "dada watatu" kama vile ni fanicha. Wao nimewaandikia majina kwa wino uleule na ukubwa uleule.

Juni

Kaburi. Roy amezikwa makaburi ya kijiji cha Estevelles, mkoa wa Pas-de-Calais, si mbali na alipoangukia. Ni makaburi ya wanakijiji, si moja ya yale mashamba makubwa ya mawe meupe yaliyopangwa mistari. Juu ya kaburi lake kuna maandishi ya Kibengali yanayomwomba apitaye aliheshimu kaburi la shujaa na asiliguse.

Kwa hiyo mkulima wa Estevelles amepita kwenye maandishi ya Kibengali miaka zaidi ya mia bila kuyasoma. Tumeyanakili. Baba wa mtoto mmoja, asili yake Sylhet, ameahidi kuja kuwaonyesha watoto herufi zinavyoandikwa.

Kumbukumbu nyingine ni chache, nazitaja haraka. Kolkata kuna barabara ya Indra Roy, mtaa wa Bhowanipore. Posta ya India ilitoa stempu yake mwaka 1998, miaka mia tangu azaliwe. Stempu tumeipata, ndogo kuliko nilivyofikiri; tutaikuza.

Julai

Mpangilio wa mwisho, kwa faida ya watakaotundika nikiwa sipo.

Lolita katikati, na picha ya 1911 kwa ukubwa wa ile ya Indra, si chini yake. Juu kushoto ramani mbili: Barisal na Calcutta, halafu Hammersmith na Carvin. Matawi sita, majina kamili. Tawi la Indra lina kadi za buluu saba na za machungwa mbili, pikipiki na mochwari. Kadi ya mwavuli iwe kwenye usawa wa macho ya watoto, kwa sababu swali lilikuwa lao. Kadi ya "tisa au kumi" iwe karibu na nishani.

Kona ya kulia chini ni ya ripoti ya 2021. Wazazi watatu wameleta majina ya wapagazi wa koo zao, wa Handeni, Machakos na Lindi, bila tarehe wala namba. Yataandikwa kwa karatasi ya machungwa kwa kuwa ni masimulizi ya nyumbani, na chini yake tueleze kwa nini hatuna ya buluu.

Ruhusa ya mchoro imekuja, kwa sharti la kutaja mwenye mkusanyiko. Bado ni mambo mawili: tafsiri ya maandishi ya kaburi ihakikiwe na yule baba wa Sylhet, na fundi wa fremu atwambie kama ubao utahimili uzito. Akisema hapana, tutapunguza ramani. Matawi hayapunguzwi.